Watoto wanamtuma dada hata kikombe cha maji, na masika ndiyo kwanza yamekolea

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Chanika, nje kidogo ya Dar es Salaam. Wa kwanza ni wa kiume, ana miaka 8. Wa katikati ni wa kike, ana miaka 5 na anasoma chekechea. Kitindamimba, wa kiume pia, ndiyo kwanza katimiza miaka 3.

Kazi yangu iko mjini. Natoka alfajiri, narudi usiku, na foleni unazijua. Mume wangu ni fundi umeme, hana ratiba ya kueleweka. Nyumbani tunaye binti wa miaka 19 anayenisaidia. Ni mtulivu, hana makuu, namshukuru Mungu kwa ajili yake.

Wiki ya likizo fupi niliomba ruhusa nikabaki nyumbani, ndipo nikayaona kwa macho yangu. Watoto wakiamka tu, televisheni inawashwa, katuni mpaka umeme ukatike. Ukikatika, wanagombania simu yangu. Mkubwa amekaa kwenye kochi, jagi la maji liko mezani mbele yake, lakini anapaza sauti: "Dada, maji!" Kikombe akishamaliza anakiweka sakafuni, na hapo ndipo kitashinda. Siku moja mvua ikatushukia ghafla, nguo ziko kambani, binti yuko bafuni, mimi namwogesha mdogo. Nilipotoka nikawakuta wale wawili wakubwa wamesimama dirishani, wanatazama sare zao za shule zinavyolowa. Hakuna hata aliyeniita.

Nikabandika ratiba ya kazi ukutani. Ilidumu siku mbili. Mkubwa kila nikimtuma ananiuliza nitampa shilingi ngapi, maana baba yake humpa 500 kila anapomtuma dukani. Wa katikati anapenda kuosha vyombo, ila anamaliza sabuni yote na kulowesha jiko zima, kwa hiyo nimemkataza. Mdogo yeye ni kuvuruga tu.

Sasa mama mkwe yuko hapa kwa matibabu, ametoka Songea. Anasema nimelea mayai, kwao mtoto wa miaka 5 anachunga mbuzi na wa miaka 8 anasonga ugali, samaki mkunje angali mbichi. Lakini juzi alimkuta mjukuu wake wa kiume kashika sufuria analisugua, akamnyang'anya: hiyo kazi ya dada yako. Mume wangu naye anasema niwaache wacheze, kumfanyisha kazi mtoto ni utumikishwaji na sheria inakataza. Nikimsikiliza huyu namkosea yule.

Juni likizo ndefu inakuja na tumekubaliana watoto waende Songea na bibi yao. Nawaza watakavyochekwa. Naomba unishauri: umri huu unafaa kazi gani, mvua ikinyesha na isiponyesha? Niwalipe? Na mama mkwe nimjibuje?

Mama Watatu, Chanika

*

Marahaba mwanangu, pole na tope.

Nianze na nguo zile kambani. Sidhani kama wanao ni wavivu. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba kamba ile inawahusu. Siku zote nguo huondoka mwilini chafu, kisha hurudi kabatini safi, na katikati hapo yuko mtu mwingine. Ratiba yako ya ukutani isingewasaidia, kwa sababu mvua haiangalii kama leo ni Jumanne. Mtoto wa miaka 5 haoni sababu ya kufagia sebule ambayo dada ameifagia saa moja iliyopita. Wingu jeusi juu ya sare yake, hilo analiona. Kwa hiyo ratiba ibandue. Wape kazi ambazo majira yenyewe yanazidai, siku hiyohiyo, kazi ambayo isipofanyika kuna kitu kweli kitaharibika.

Kwa sasa ni masika, basi anza na kamba. Mwambie baba yao awafungie nyingine fupi, kimo cha kaka mtu, iwe ya nguo za watoto peke yake. Wingu likitanda, mkubwa anaanua, wa katikati anashika beseni na kukusanya vibanio, mdogo anasimama mlangoni kupokea soksi. Ndani, kitindamimba atafute jozi za soksi (atakosea, mwache), na wakubwa wawili wakunje kanga na shuka, kila mmoja ameshika pindo mbili, wanaendeana na kurudi. Watacheka, watavutana, kanga itaanguka chini mara moja au mbili. Hiyo ndiyo kazi na ndiyo mchezo, na baba yao akiiona hatakuwa na la kusema.

Kazi ya pili ya masika ni ya Jumamosi, na hii usiikose: msako wa maji yaliyotuama. Dar es Salaam imepata mlipuko wa homa ya dengi mwaka 2014 na tena 2019. Mbu anayeieneza huuma mchana, na anapenda kutaga kwenye maji masafi yaliyokaa: kopo la rangi, tairi, kisahani cha chungu cha maua, kifuu cha nazi kilichotupwa nyuma ya choo. Toka yai mpaka mbu anayeruka ni kama wiki moja hadi siku 10, ndiyo maana msako wa kila wiki unatosha kumkatisha njiani. Macho ya mtoto yapo chini karibu na ardhi, ataviona vyombo ambavyo wewe unavipita kila siku. Mkubwa achutame na kopo mkononi, aangalie viluwiluwi vinavyojinyonganyonga na kupanda juu kupumua, mweleze kwamba kila kimoja ni mbu wa wiki ijayo. Halafu amwage kwenye mchanga mkavu, si kwenye mtaro. Wa katikati asugue kuta za kopo kwa brashi kuukuu, kwa sababu mayai hung'ang'ania pembeni na maji yakirudi yanaanguliwa. Makopo yasiyo na kazi yafunikwe kifudifudi au yatupwe. Nakuhakikishia wiki ya tatu watakuwa wanakagua kwa jirani bila kutumwa, uombe radhi mapema.

Mapipa ya kukingia maji ya bati ni habari nyingine. Yawe na mifuniko, na mdogo asiachwe peke yake karibu nayo hata dakika moja. Mtoto wa miaka 3 anaweza kuzama kwenye ndoo ya kawaida, kichwa kikitangulia hana nguvu za kujiinua. Hapo sibembelezi.

Sasa njoo kwenye bustani. Chanika hamna uhaba wa ardhi kama wenzenu wa Kariakoo. Tengeneza tuta moja dogo, mtoto aweze kulifikia katikati bila kulikanyaga. Mbegu za mchicha ni ndogo mno, nyeusi, zinang'aa. Ukimpa mtoto azimwage mkononi zitadondoka zote sehemu moja, ziote kama nywele. Mwonyeshe hivi: chukua kiganja cha mchanga mkavu, changanya na mbegu kidogo tu, kisha aachie mchanganyiko huo kwenye mfereji mwembamba uliochora kwa kijiti, taratibu, kama anayetia chumvi kwenye mboga. Afukie juu juu. Mvua za sasa ni nzito, zitazisomba, kwa hiyo funika tuta kwa nyasi kavu mpaka miche itokeze, siku nne tano hivi. Baada ya hapo kuna kazi kila asubuhi: kuondoa nyasi, kung'oa magugu, kupunguza miche iliyosongamana. Ile ya kupunguza ni tamu kwao kwa sababu walichoking'oa kinaenda jikoni jioni hiyohiyo. Wiki tatu mpaka nne toka kupanda, mchicha unaliwa.

Kitindamimba mpe matembele. Mkatie vipando urefu wa shibiri moja, achomeke ardhini kimoja kimoja. Akikichomeka upande upande kitaota, akikanyaga kitaota, kwa mvua hii sijui afanye nini kisiote. Anahitaji kitu kisichomwaibisha.

Wote wavae viatu wakiwa bustanini, hata yeboyebo zinatosha. Kuna minyoo inayoingia kupitia ngozi ya nyayo, na udongo wenye unyevu ndiyo makao yake. Wakitoka hapo mikono kwa sabuni, na kucha uziangalie.

Siku mvua inaponyesha mfululizo, weka ungo sakafuni mchambue maharage pamoja. Mkubwa na wa katikati watatoa mawe na punje zilizotobolewa. Mdogo asipewe maharage, mwanangu, ataingiza puani au sikioni, na ukiona kimya ujue tayari. Ikitokea, usichokonoe na pini wala kidole, utaisukuma ndani zaidi, mpeleke zahanati. Yeye mpe vitunguu na viazi avipange vikubwa huku, vidogo kule. Televisheni wala usiitangazie vita. Kazi kwanza, katuni baadaye, na umeme ukiwa umekatika ndiyo saa ya ungo.

Huyu wa katikati sasa. Anapenda kuosha vyombo ukamkataza! Mama, ulikuwa na mfanyakazi wa kujitolea ukamfukuza mwenyewe. Mtoto wa umri huo huja kwenye kazi mbio, na ukimrudisha mara nyingi huacha kuja, halafu akifika miaka 10 unamwita mvivu. Shida yako ni sabuni, basi ishughulikie sabuni: mtilie kidogo kwenye kifuniko cha chupa, ikiisha imeisha. Mpe mabeseni mawili, la kuoshea na la kusuuzia, muweke uani au barazani, na vyombo viwe vya plastiki tu. Kikombe kikibaki na mafuta usikioshe tena mbele yake. Kioshe akishalala.

Na kaka mtu naye aoshe. Sitaki nikuingize kwenye ugomvi na mama mkwe, kwa hiyo usimjibu wewe. Mwenye kumjibu ni mwanawe. Mumeo amalize kula, ainuke, achukue sahani yake na ya mama yake, akaoshe huku wanawe wanatazama, na aseme kwa utani tu kwamba yeye kwenye saiti za kazi anajipikia, nani angempikia? Mama hawezi kumnyang'anya sahani fundi mzima. Hiyo methali ya samaki naiheshimu, ila nimeona watu wengi huitoa wanapotaka kumkunja mtoto wa mwenzao.

Kuhusu sheria, mumeo ana nusu ya haki. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeweka miaka 14 kuwa umri wa chini wa ajira, na hata hapo inazungumzia kazi nyepesi isiyodhuru afya ya mtoto wala kumkosesha shule. Mtoto kuosha kikombe alichonywea hakumo katika hayo. Ila nusu yake ya haki usiidharau. Mtoto wa miaka 8 asisonge ugali: sufuria ni zito, uji wa ugali ukichemka unaruka na kuunguza, na jiko la mkaa ni jepesi kupinduka. Asibebe ndoo ya lita 20, hiyo ni kilo 20 kichwani pa mtoto. Dumu la lita 3 linamtosha. Asiguse mafuta ya taa, dawa ya panya, wala kuvuka barabara kubwa kwa ajili ya vocha ya mtu mzima. Asiachiwe mdogo wake kutwa nzima kana kwamba yeye ndiye yaya. Na wale mbuzi wa mtoto wa miaka 5, ukimdodosa mama mkwe taratibu nadhani utasikia kulikuwa na kaka wa miaka 12 mbele.

Fedha: hapana, kazi za nyumbani hazilipwi. Na wewe unapika bila kulipwa, mwambie hivyo. Ile 500 ya dukani baba yake aiache. Kama mnataka ajifunze kushika hela, mpeni kiasi kidogo siku maalumu ya wiki, awe ametumwa au hakutumwa. Lakini akiwa na mchicha wake umestawi akamuuzia jirani fungu, hiyo ni hela yake halali, msimkope.

Kabla hujaanza lolote, kaa na binti yako faraghani. Yeye ndiye atakayeharibu au kufanikisha haya yote. Akiona watoto wanaosha vikombe anaweza kufikiri unamwambia hafanyi kazi vizuri, au siku zake zimehesabika, kwa hiyo atawahi kuwafanyia ili ubaya usimwangukie. Mhakikishie. Halafu mbele ya watoto mtangazie kwamba maji ya kunywa si kazi yake tena. Shusha vikombe rafu ya chini, jagi lijazwe nusu ili mkono mdogo uliweze, na anayesema "Dada, maji!" asisikike. Siku za kwanza watamwaga. Kitambaa cha kufutia kining'inie hapohapo, na aliyemwaga ndiye anakichukua.

Hayo ya masika yakishakaa, mengine yatajileta. Desemba maembe yakianguka kuna kuokota na kufagia majani. Joto la kaskazi likipanda kuna kumwagilia jioni kwa kopo lililotobolewa matundu, na kuanika mito na magodoro. Sihitaji kukupangia.

Songea ndiko penye utamu. Kule mvua ni za msimu mmoja, kuanzia kama Novemba hadi Aprili, kwa hiyo Juni mahindi yamekauka, watu wako kwenye kuvuna, kupukuchua na kuanika. Wanao watafika msimu wenyewe. Wa katikati apewe kijiti akae kivulini kulinda mahindi yaliyoanikwa, kuku wasiparamie. Kazi ya maana hasa, na kelele anaruhusiwa. Mkubwa atapukuchua, ila mtu mzima amwanzie gunzi kwa kung'oa mistari miwili mitatu ya kwanza, maana kidole gumba cha mtoto wa mjini kitatoka malengelenge siku ya kwanza. Nusu saa, apumzike, akacheze na wenzake. Mdogo akusanye magunzi kwenye kikapu ya kuwashia moto, na mawili matatu amwibie bibi atengeneze mwanasesere wa kuchezea.

Wakati wa kuchambua punje, wafundishwe kutenga zilizosinyaa, zilizovunda na zenye ukungu. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, si mchezo, mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Wao watenge, mtu mzima apitie mara ya mwisho, na zilizoharibika zisiende kwa kuku. Siku ya kutia dawa ya kuhifadhia mahindi, watoto wote wapelekwe mbali.

Kuchekwa watachekwa kidogo, hakuna mtoto wa Dar aliyefika kijijini asichekwe. Ila mchekwaji anayejua kuosha kikombe chake, kukunja shuka alilolalia na kuchota maji kwa dumu lake hachekwi zaidi ya siku mbili. Wiki zilizobaki zinatosha kwa hayo matatu. Mengine mwachie bibi, hasa kupepeta. Mwombe tangu sasa, kwa adabu, kwamba yeye ndiye atakayewafundisha ungo maana wewe huuwezi vizuri. Mama mkwe aliyepewa heshima hiyo atasahau habari za mayai.

Na begi lao liwe na masweta na soksi nene. Juni usiku Songea ni baridi kweli, watoto wa Chanika hawaijui.